Kabla Treni Haijafika, Tuulize Maji Yatapita Wapi

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ya kuuliza watu maswali. Kampuni moja ya washauri wa mazingira ilikuwa imepewa kandarasi ya kutathmini athari za barabara iliyokuwa ipanuliwe pembezoni mwa jiji. Walitaka vijana wa kuzunguka mtaani na fomu. Malipo yalikuwa elfu moja kwa siku, nauli juu yako. Sikufikiria mara mbili.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne. Nilikuwa naitafsiri papo hapo nikiwa nimesimama mlangoni mwa watu. Siku ya pili nikafika kwa shosho mmoja, nyumba yake ya mabati ikiwa chini kidogo ya usawa wa barabara. Akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo barabara mkiinua, maji yatapita wapi?"

Nikaangalia fomu. Hakukuwa na mahali pa kuandika swali kama hilo. Kulikuwa na "Je, unaunga mkono mradi?" na visanduku vitano vya kutia alama. Sikuwa na ramani, wala sikuwa nimeonyeshwa mchoro wowote wa barabara yenyewe. Nikamwambia mainjinia wameshafikiria hayo. Nilikuwa nabahatisha, lakini ukiwa umeshika karatasi zenye nembo, kubahatisha kwako kunasikika kama ukweli. Nikamuuliza kama anataka barabara nzuri. Akasema, nani hataki? Nikatia alama kwenye "naunga mkono kabisa."

Miezi kadhaa baadaye nikaiona ripoti. Ndani kulikuwa na chati ya duara, kijani kimeenea karibu kote. Shosho alikuwa mle, kipande chembamba cha kijani. Swali lake halikuwamo.

Naanza na aibu yangu ili usidhani naandika haya nikiwa msafi. Kila mara stori za reli nyepesi ya Nairobi zinapofufuka, mimi nakumbuka kile kisanduku.

Na zinafufuka kila baada ya miaka michache. Reli nyepesi ya Nairobi na vitongoji vyake ilikuwa kwenye orodha ya miradi mikuu ya Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa 2008. Mwaka 2012 Rais Kibaki akatufungulia stesheni ya Syokimau, tukaambiwa huo ni mwanzo tu. Baada ya hapo tumeletewa SGR, tumeletewa Nairobi Expressway, tumeletewa hata treni za dizeli zilizokuwa zimeshatumika Hispania. Reli nyepesi yenyewe, ile ya stima inayopita katikati ya mitaa, bado iko kwenye michoro.

Wacha niseme msimamo wangu mapema: naitaka hiyo treni. Nimeishi Githurai muda mrefu na najua kukaa saa mbili ndani ya mathree ukivuta moshi wa ile iliyo mbele, huku iliyo nyuma ikivuta wako. Najua pia kwamba karibu asilimia 90 ya stima ya nchi hii inatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Treni ya stima hapa kwetu si kama treni ya stima katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Kama kuna jiji la Afrika Mashariki ambalo lingefaidi hewa safi kwa kujenga reli ya aina hii, ni hili.

Lakini hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Mradi ukishaitwa wa kijani, watu huacha kuuliza maswali. Barabara ya juu ikijengwa, tunapiga kelele kuhusu miti. Ikija treni ya stima, nani atapinga? Utaambiwa wewe ni adui wa hewa safi. Ripoti ya mazingira itaandikwa haraka, itapitishwa haraka, na sisi tutakuwa tunashea picha za mabehewa mapya.

Reli nyepesi inafanya nini hasa kwa mazingira? Tuanze na ujenzi. Saruji na chuma hutoa hewa ya ukaa viwandani kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi. Ukiijenga juu ya nguzo, unahitaji saruji nyingi kuliko ukiilaza chini. Ukiilaza chini, unakata mtaa mara mbili: watu wa upande huu na watu wa upande ule. Ukiiweka juu ya tuta, umejenga ukuta wa udongo, na maji ya mvua yaliyokuwa yakipita hapo tangu zamani lazima yatafute njia nyingine. Kalvati zikiwa ndogo au chache, njia hiyo nyingine ni sebule ya mtu. Halafu kuna mtikisiko na kelele kwa walio karibu, na wanaobomolewa ili njia ipite, ambao wanahamia mbali zaidi na kazi zao na kuanza kupanda magari mawili badala ya moja. Huo moshi wa gari la pili ni athari ya mradi pia. Sijawahi kuona ripoti iliyouhesabu.

Na faida? Inapatikana kwa sharti moja: treni itembee, na watu waliokuwa kwenye magari waipande. Treni tupu ni saruji nyingi iliyomwagwa bure. Treni iliyoharibika ni mbaya zaidi.

Tuangalie jirani. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015. Njia mbili, moja ya mashariki hadi magharibi na nyingine ya kaskazini hadi kusini, kilomita thelathini na kitu, zilizogharimu takriban dola milioni 475, nyingi zikiwa mkopo kutoka China. Treni 41, zote za stima, katika nchi inayopata karibu stima yake yote kutoka kwenye mabwawa. Kwenye karatasi huwezi kupata mradi wa kijani kuliko huo. Kufikia 2023 iliripotiwa kwamba ni treni nane hivi tu zilizokuwa zikitembea. Spea zilikuwa zinatoka nje, na pesa za kigeni za kuzinunulia zilikuwa shida. Wakati huo huo reli iliyozungushiwa ua imekata barabara pana katikati, na mtu wa miguu analazimika kutembea mpaka kivuko kilipo ili afike duka analoliona kwa macho.

Sisemi Addis walikosea kujenga. Watu wengi walipanda treni ile, na kwa nauli ya chini. Ninachosema ni kwamba swali la nani atanunua spea mwaka wa nane ni swali la mazingira, sawa na swali la miti. Treni ikisimama, abiria wanarudi kwenye mabasi na mabasi yanarudi kwenye foleni. Ile hewa safi iliyoahidiwa kwenye ripoti haipo. Ile saruji ipo.

Sasa turudi nyumbani, tuone hizo ripoti zetu zinatengenezwa vipi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inasema mwenye mradi ndiye anayegharamia tathmini. Anamtafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, anamlipa, mtaalamu anaandika. Nia ya sheria ilikuwa njema: anayetaka kuchafua alipie gharama ya kuchunguzwa. Lakini fikiria kidogo. Wewe ni mtaalamu, una kodi ya ofisi, una vijana wa kulipa elfu moja kwa siku. Mteja wako anataka leseni. Ukiandika kwamba mradi usijengwe, nani atakupa kazi ya pili? Sisemi wataalamu wote ni waongo. Nimefanya kazi na watu wazuri mle. Nasema tumewaweka kwenye kiti ambacho mtu mzuri anajifunza kutouliza swali ambalo jibu lake litamnyima mkate.

Halafu kuna lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Kanuni za tathmini za 2003 zilitaka tangazo la mradi litolewe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watu watakaoathirika. Sawa. Tangazo utalisikia kwa lugha yako. Ripoti yenyewe, kurasa mia kadhaa, iko kwa Kiingereza ambacho hata mimi niliyesoma somo hilohilo miaka mitatu nilihitaji chai mbili kumaliza sura moja. Yaani unaambiwa kwa Kiswahili kwamba kuna kitu unafaa kukisoma, halafu unapewa kitu usichoweza kukisoma, na siku za kutoa maoni zinaanza kuhesabiwa.

Kwani ni vigumu kiasi gani? Serikali hii inatafsiri manifesto. Benki zinatafsiri matangazo ya mikopo mpaka kwa Sheng, kwa sababu wanataka tuelewe vizuri kabla hatujachukua. Kitu kikiachwa kwa Kiingereza peke yake hapa Kenya, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu ambaye hakutarajiwa kukielewa.

Na hata ripoti ikiwa nzuri, inakuja lini? Kwa miradi mikubwa ya nchi hii mkopo unajadiliwa, mkandarasi anajulikana, njia imeshachorwa, ndipo mazingira yanakumbukwa. Wakati huo tathmini haiwezi tena kusema hapana. Kazi yake inabaki ni kupendekeza wapi pa kupanda miche.

SGR ilitufundisha hilo. Awamu ya Nairobi hadi Naivasha ilipangwa kupita ndani ya Mbuga ya Nairobi, kilomita 117 za mraba zilizotengwa tangu 1946. Watetezi wa wanyama na Okiya Omtatah wakaenda kwenye jopo la kitaifa linaloamua kesi za mazingira, na mwaka 2016 jopo likaamuru ujenzi usimame. Mwanzoni mwa 2018 tingatinga ziliingia mbugani kesi ikiwa bado haijaisha. Oktoba 2019 reli ikazinduliwa. Leo twiga wanapita chini ya nguzo, na utapata watu wakisema, si unaona, wanyama wamezoea. Pengine. Lakini tulichopoteza pale si nyasi peke yake. Tulijifunza kwamba amri ya kusimama inaweza kupitwa kama kituo ambacho hakuna anayeshuka.

Expressway ikaja na somo lake. Novemba 2020 kulikuwa na mugumo pale Waiyaki Way, Westlands, mti unaokadiriwa kuwa na miaka mia moja hivi, uliokuwa ung'olewe. Watu wakapiga kelele, na agizo la rais likatoka: mti ubaki. Tukashangilia. Mimi pia nilishangilia. Baadaye nikajiuliza: kwa nini mti uliokolewa na agizo la mtu mmoja, na si ripoti iliyolipiwa ili ione miti? Na ile mingine iliyokatwa kando ya njia hiyohiyo, ambayo haikubahatika kuwa mikubwa na yenye sura nzuri kwa picha? Mwaka uliofuata, Mukuru kwa Njenga ikabomolewa ili barabara ipite, maelfu ya watu wakalala nje. Hakuna agizo lililotoka usiku ule. Mazingira, kwa jinsi tunavyoyazungumzia Nairobi, yana twiga na mti mmoja maarufu. Mtu wa mabati hayumo.

Najua kuna msomaji ameshachoka na mimi. Anasema: nyinyi watu wa kulalamika ndio mnaochelewesha maendeleo. Kila siku tukingoja ripoti kamilifu, watoto wanaendelea kuvuta moshi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ni kweli kwamba kutojenga nako kuna gharama. Tathmini ya haki ingeanza hapo hapo: hewa ya Githurai ikoje leo bila treni, na nani anaivuta? Ningependa kuisoma sura hiyo. Ingekuwa silaha kubwa ya wanaoitaka reli kuliko hotuba yoyote.

Lakini usiniambie kwamba kuuliza ndiko kunakochelewesha. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua kupinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Hapakuwa na sheria ya tathmini wakati huo. Hiyo ilikuja miaka kumi baadaye. Alitukanwa bungeni. Jumba halikujengwa, na Nairobi haikufa kwa kulikosa. Mwaka 2019 watu wa Lamu walishinda kesi dhidi ya leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba mikutano waliyoitiwa ilifanywa kabla utafiti haujakamilika. Walipewa utangulizi, hawakurudishiwa matokeo wayajadili. Jopo likasema hiyo si kushirikisha umma. Soma hapo tena. Leseni ilifutwa kwa kosa lilelile nililolifanya mimi na fomu yangu: kuchukua sahihi ya mtu kabla hujamwonyesha kitu chenyewe.

Kwa hivyo sheria si ya kutupwa. Ina meno pale watu wanapoishika. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Huhitaji kungoja maji yaingie kwako kwanza.

Ninachotaka kabla reli nyepesi haijatoka kwenye mchoro si kikubwa. Nataka ripoti iandikwe kabla mkopo haujasainiwa, ikiwa bado inaweza kubadilisha njia, kupunguza nguzo, au kusema hapana. Nataka pesa za tathmini zitoke kwa mwenye mradi kama sheria inavyosema, lakini ziwekwe mahali ambapo si yeye anayemchagua mtaalamu. Nataka ripoti nzima kwa Kiswahili, na ramani kubwa ibandikwe stesheni na sokoni, ionyeshe nyumba kwa nyumba njia itapita wapi na mtaro utamwaga wapi. Nataka walio kwenye njia wahesabiwe kama sehemu ya mazingira. Limewahi kufanyika: Kibera na Mukuru watu waliokuwa kwenye eneo la reli waliorodheshwa, wakajengewa nyumba na vibanda kwa pesa za Benki ya Dunia. Haikukosa malalamiko, lakini ilionyesha kwamba wakitaka kuhesabu watu, wanajua kuhesabu. Na nataka mtu arudi mwaka wa tano na wa kumi aseme treni ngapi zinatembea, na atangaze hadharani.

Na sisi tuna kazi. Sisi ndio tunaozungushwa na fomu kwa elfu moja. Wengi wetu tuna digrii nusu na njaa nzima, na kazi hiyo ikija tutaichukua. Ichukue. Lakini omba ramani kabla hujatoka ofisini. Mtu akikuuliza swali lisilo na kisanduku, liandike nyuma ya karatasi, uandike na tarehe, upige picha. Wakilifuta, wewe unalo.

Kule Githurai, wanaouza kando ya reli ya zamani wanatandaza bidhaa mpaka kwenye vyuma vyenyewe. Treni ikipiga honi wanakusanya, inapita, wanatandaza tena. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha ratiba ile. Wanajua uzito wa treni, wanajua mahali maji yanaposimama mvua ikinyesha, wanajua abiria wa jioni wanatoka upande gani. Reli nyepesi ikipita hapo, wao ndio wa kwanza wa kuulizwa, na kwa sasa naona wao ndio watakaokuwa wa kwanza kubomolewa.

Nilipita kwa yule shosho baada ya mafuriko ya 2024. Barabara ilikuwa imeisha, nzuri, imeinuka kama alivyosema. Ukutani kwake kulikuwa na mstari wa tope juu kidogo ya kitanda. Alinikumbuka. Hakunigombeza. Aliniuliza kama bado nafanya ile kazi ya maswali, nikasema niliacha.

"Si ungewapelekea tu langu," akasema, akaenda kutafuta kiti.